Nihame Chuo au Nibaki? Swali la Mwanafunzi Anayejiandaa Kusomea Udaktari

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni binti wa Tanga, nipo mwaka wa pili katika chuo kidogo jimboni Ohio, Marekani, ninakosoma shahada ya baiolojia kwa nia ya kuingia udaktari. Chuo kinanilipia karo yote, nami najitegemea bweni na chakula. Sasa nimepata nafasi ya kuhamia chuo kikuu chenye jina kubwa, lakini ufadhili wao ni nusu karo tu. Baba anaamini jina hilo litanifungulia mlango wa udaktari. Mjomba yeye anataka niondoke Marekani kabisa niende Hungaria, ambako mtu huanza udaktari moja kwa moja. Nashindwa kuamua.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaniambia jambo moja ambalo ndilo litakaloamua mengine yote, nalo ni wapi unataka kuja kutibu wagonjwa. Kwa kuwa sijui, nitakujibu kwa njia zote mbili.

Tuseme unataka udaktari wa Marekani. Huko, kama unavyojua, mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne, kisha husoma udaktari miaka mingine minne, halafu huingia mafunzo ya ubingwa ambayo hayapungui miaka mitatu. Vyuo vya udaktari vitaangalia GPA yako, yaani wastani wa alama zako, hasa katika baiolojia, kemia na fizikia, vitaangalia alama zako za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, ambazo huanzia 472 na kuishia 528, na vitataka kujua umewahi kukaa karibu na wagonjwa kwa kiasi gani na walimu wako wanakusemaje. Jina la chuo lina uzito wake, ila ni mdogo kuliko baba anavyodhani, na hauwezi kufidia GPA iliyoshuka kwa sababu mtoto anasoma huku akihangaikia nusu ya karo.

Kizuizi chako kikubwa, na naomba baba asome sehemu hii mwenyewe, ni viza. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa maombi ya mwenye viza ya mwanafunzi, na miongoni mwa vile vinavyopokea, vipo vinavyodai uthibitisho wa fedha za masomo yote, hata kutaka karo ya miaka kadhaa iwekwe benki kabla hujaanza. Mikopo ya serikali ya huko haikuhusu wewe usiye raia wala mkazi wa kudumu. Ukihamia chuo chenye jina, utabaki na pasipoti ile ile na viza ile ile, isipokuwa mfuko wa familia utakuwa umetoboka miaka miwili kabla ya siku ambayo fedha zitahitajika kwelikweli.

Kuhama kwenyewe nakufahamu kwa kukupitia. Nilihama chuo nikiwa mwaka wa pili kama wewe, na nakumbuka nilivyokaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msajili, mapajani nimeshika mihtasari ya masomo na daftari langu la maabara lenye madoa ya iodini, nikisubiri kuthibitisha kwamba fizikia niliyoisoma ilikuwa na maabara. Walinipa krediti, lakini waliihesabu kama somo la hiari, nikairudia mwaka mzima. Kilichoniuma zaidi ni barua za mapendekezo, maana walimu walionijua niliwaacha nyuma, na wale wapya walinifahamu kwa muhula mmoja tu. Wala usidhani kwamba alama za chuo cha kwanza hufutika, kwa sababu mfumo wa maombi ya udaktari, AMCAS, hudai matokeo ya kila chuo ulichosoma nchini humo na kuyajumlisha yote.

Kwa hiyo, kama lengo ni Marekani, mimi ningebaki hapo Ohio. Ukiamua kuhama hata hivyo, usiondoke kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijahamisha rekodi yako katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na chuo kipya hakijakupa fomu mpya ya I-20, ambayo viza yako ya mwanafunzi huitegemea.

Tuje kwa mjomba, ambaye hoja yake ina nguvu kuliko inavyosikika. Vyuo kama Semmelweis, Debrecen, Szeged na Pécs hufundisha udaktari kwa Kiingereza kwa miaka sita. Uwe tayari kuanza mwaka wa kwanza, kwa kuwa shahada ya baiolojia si nusu ya udaktari, na uwe tayari kwa karo ya kila mwaka ambayo kwa sasa hulipi. Kabla ya kutuma hata senti, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, na Baraza la Madaktari Tanganyika masharti ya kusajiliwa kwa aliyesomea nje. Shahada ya huko haikufungii Marekani moja kwa moja, lakini utalazimika kufanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kugombea nafasi ya ubingwa pamoja na wahitimu wa Marekani yenyewe.

Na kama moyo wako uko Bombo au hospitali nyingine yoyote ya nyumbani, nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja Muhimbili. Huko udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali, na utajifunza kwa wagonjwa wenye malaria, selimundu na kifua kikuu, wale wale utakaowatibu baadaye. Ikiwa ulifaulu vizuri PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kidato cha sita, hiyo si njia ya walioshindwa, na nisingependa uione hivyo.

Kesho nenda kwa mshauri wako wa masomo umwulize ni wanafunzi wangapi wenye viza kama yako waliotoka chuoni hapo miaka ya karibuni wakapokelewa udaktari, na walipokelewa wapi. Waandikie na wale wa chuo kikubwa swali hilo hilo, kisha majibu yote mawili umpelekee baba kabla hamjalipa chochote.