Distonia ya shingo: kabla hujauliza nani atakupasua, uliza nani atakurekebishia kifaa

Kuna watu hukubali jambo shingo upande. Mimi yangu ilikuwa upande hata nilipokubali kwa moyo wote. Distonia ya shingo ni ugonjwa wa misuli ya shingo kujikaza yenyewe bila kuambiwa; kwa miaka sita kidevu changu kilivutwa kuelekea bega la kushoto, na njia pekee ya kumtazama mtu usoni ilikuwa kuweka kidole kimoja kidevuni. Si kusukuma, kugusa tu, na shingo inarudi kwa dakika chache. Wenye distonia mnaijua hila hiyo. Wengine walidhani natafakari mambo mazito.

Nilianza na sindano za botulini, dawa ya kulegeza misuli, takriban kila miezi 3, na wewe anzia huko. Wengi zinawatosha. Zikionekana kushindwa, usikimbilie upasuaji kabla ya kuuliza kama misuli inayochomwa ndiyo yenyewe hasa inayovuta. Mimi daktari wa pili alibadilisha misuli miwili nikapata nafuu ya mwaka mzima. Baada ya hapo ndipo zilipochoka kweli.

Upasuaji wenyewe, wa kuweka kifaa kinachopeleka umeme ubongoni, sina mengi ya kusimulia, nilikuwa nimelala. Elektrodi mbili, yaani waya nyembamba za kupitisha umeme, moja kila upande, hupelekwa ndani kabisa ya ubongo hadi kwenye kiini kiitwacho globasi palidasi. Waya hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, hushuka shingoni hadi kwenye betri iliyowekwa kifuani chini ya mtulinga. Hatari zake waambie wakueleze bila kukuonea huruma: damu kuvuja ubongoni, jambo la nadra lakini linaloweza kuacha kiharusi, na maambukizi yanayoweza kulazimisha vyote vitolewe.

Kilichonitesa kilikuja baadaye. Siku chache baada ya upasuaji, kifaa hakijawashwa bado, shingo ilinyooka. Nikapiga simu kwa ndugu wote. Wiki ya pili ikapinda tena kama vile hakuna kilichofanyika. Kumbe kule kupita tu kwa elektrodi kunaweza kuleta nafuu ya muda, na hakuna aliyekuwa amenidokezea. Kisha siku ya kuwasha nilikaa kitini nikisubiri muujiza. Muuguzi akabonyeza, nikahisi mchonyoto mkononi, ukapita. Shingo haikutikisika hata kidogo.

Distonia si kama mtetemo, ambao mara nyingi hutulia papo hapo umeme ukiwashwa. Huku ubongo huchukua wiki, hata miezi, kuacha mazoea yake. Kwangu mitikisiko ilipungua kwanza, karibu mwezi wa pili. Ule mvuto wa kukaza, unaoishikilia shingo mahali pamoja, ulilegea taratibu hadi mwezi wa nane. Katikati hapo nilirudi kliniki mara saba kubadilishiwa vipimo vya umeme. Safari moja waliongeza umeme, shingo ikafurahi, lakini ulimi ukawa mzito. Nyumbani waliniuliza kama nimekunywa. Tukapunguza, tukahamisha umeme kwenye ncha nyingine ya elektrodi, maneno yakarudi.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 62 wa distonia ya shingo kutoka Ujerumani, Norway na Austria. Wote waliwekewa kifaa, lakini kwa miezi 3 ya mwanzo baadhi yao hawakupewa umeme, bila wao kujua. Waliopewa walipata nafuu kubwa zaidi, na miongoni mwa kero zao kulikuwa na huko kuharibika kwa matamshi.

Ndiyo maana nasema muulizie mtu wa marekebisho mapema. Ana uzoefu na distonia, au amezoea wagonjwa wa Parkinson tu? Utampata baada ya siku ngapi ukizidiwa? Mpasuaji utakuwa naye siku moja, huyu mwingine ni wa miaka.

Uliza pia kuhusu betri. Distonia hula umeme mwingi. Zisizochajiwa huweza kuisha baada ya miaka michache, na kubadilisha ni upasuaji mwingine, ingawa mdogo. Yangu ni ya kuchaji. Niliwahi kusahau kuichaji safarini, na shingo ikaanza kunikumbusha siku hiyo hiyo, maana kifaa hiki hakiponyi, kinazuia. Kabla ya kipimo cha MRI waeleze aina ya kifaa chako. Tiba ya maungo inayotumia mashine ya joto la ndani, ile ya diathemi, kataa kabisa. Na waya shingoni wakati mwingine hukaza kama ugwe wa upinde. Ukiuhisi hivyo, sema.

Jipige video kila mwezi, kiti kilekile, dirisha lilelile. Mimi nilikuwa naapa hakuna mabadiliko hadi dada yangu aliponiwekea ya mwezi wa kwanza kando ya ile ya sita.

Kidole bado hupanda kidevuni nikichoka. Siku hizi mara nyingi nakikuta kimeshafika huko bila kuitwa, nakishusha.