Kaka aliandika ukurasa mmoja na nusu, mimi nikaufungia kabatini

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Mafinga. Mumewe ana kifungo cha miaka 30, rufaa imegonga mwamba Mahakama ya Rufani, anauliza kama kuna mlango uliobaki. Nilikuwa Uyole napakia viazi. Nikaacha kazi, nikakaa juu ya gunia. Kaka yangu naye amefungwa, na maombi yake ya mwisho mahakama hiyohiyo yametupwa mwezi uliopita, hapahapa Mbeya, na mpaka leo siwezi kulieleza jambo hilo mbele ya mama bila sauti kukatika.

Mlango upo, mdogo wangu. Ni mapitio ya hukumu, yaani kuiomba mahakama hiyohiyo iitazame tena hukumu yake yenyewe, Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009. Mna siku 60 tangu hukumu itolewe, na sababu zinazokubalika ni tano: kosa la wazi kwenye hukumu lililopotosha haki, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Zishike kichwani kama unavyoshika namba ya simu ya mama yako.

Mimi sikuzishika. Niliuza kipande cha shamba la parachichi Rungwe, nikamlipa mtu wa mjini laki nane kwa sababu aliongea kwa kujiamini. Akaandika kurasa kumi na moja: usiku, mwanga wa kibatari, shahidi angemtambuaje mtu. Nikasoma nikalia, nikaona haki yetu yote imo humo.

Kaka alizisoma siku nilipokwenda kumwona. Akasema, "Mdogo wangu, hii ni rufaa ileile imevalishwa koti." Yeye alikuwa ameandika ya kwake kwa mkono, akisaidiwa na mfungwa mwenzake: kwamba majaji waliibua hoja wenyewe wakati wa kuandika hukumu, wakaiamulia bila kuwauliza pande zote. Basi. Nilimjibu kwa ukali kwamba sheria si kazi ya wafungwa. Karatasi yake nikaifungia kabatini.

Mahakamani alisimama na sare yake ya rangi ya chungwa. Jaji akamwuliza swali moja: kosa la wazi liko wapi? Kwenye zile kurasa kumi na moja halikuwemo. Wakasema tunarudisha rufaa kwa mlango wa nyuma. Na mapitio yakishaamuliwa, hakuna mapitio mengine.

Kwa hiyo tafuteni nakala ya hukumu mapema, isomeni neno kwa neno, hata kama ni ya Kiingereza tafuteni mtu awatafsirie. Mkichelewa, mtaomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya ucheleweshaji. Msiandike upya ushahidi. Na jamani, msikilizeni aliye ndani! Amekaa na hukumu hiyo usiku mzima, wewe umekaa nayo nusu saa kwenye daladala.

Mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, aliyefungwa maisha, alikataliwa rufaa 2010, akakataliwa mapitio 2013, akatoka Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais. Kaka sasa anaandika barua ya kuomba msamaha huo. Anaiandika mwenyewe. Jumapili nitampelekea karatasi na kalamu mbili.