Re: Wageni Kariakoo wanatusaidia au wanatumaliza?

Mkuu umeuliza wageni Kariakoo wanatusaidia au wanatumaliza, mi naona inategemea we umesimama wapi pale. Mwenye fremu anachekelea, Mchina anamlipa kodi ya mwaka mzima kwa mpigo bila kubembelezwa, ila machinga ndo anaumia, maana yuleyule aliyemuuzia katoni asubuhi, mchana anamuuzia mteja wake kimoja kimoja kwa bei ya jumla, sasa utashindana nae vipi? Ndo maana Julai 2025 serikali ikawapiga marufuku wageni kwenye biashara 15, kuna rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, na faini inaanzia milioni 10. Hapo niko na serikali kabisa.

Ila mwenye kiwanda anayeajiri vijana usimweke kapu moja na muuza vitenge. Na Wakenya walikuja juu fasta wakitaja soko la pamoja la Afrika Mashariki, na wabongo wanaochuuza Nairobi wapo kibao, wakibanwa tutasemaje?

Halafu kuna wenzetu wanaowaazimisha wageni majina kwenye leseni. Agizo hilohilo la Julai linawapa hao faini ya milioni 5 au jela miezi 3, mi ningeanza nao.