Fungu si kisiwa: kwa wadogo zangu wa dawati la kimataifa

Juzi nilikuwa zamu ya mchana hapa redioni, ikaletwa hati ya habari mezani: "Meli za China zimeifyatulia mizinga meli ya Ufilipino karibu na kisiwa cha Scarborough, ambacho Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliipa Ufilipino mwaka 2016." Sentensi moja, makosa manne. Aliyeiandika ni kijana ninayempenda: anawahi kazini, anauliza, anasoma. Niliitazama ile hati muda mrefu, maana mawili kati ya makosa hayo niliyafanya mimi mwenyewe, tena hewani. Basi naombeni mnisome mkiwa mmeweka simu pembeni.

1. Mizinga ya maji, yaani mitambo ya meli inayorusha maji kwa nguvu, isipoteze "ya maji", hata kwenye kichwa cha habari. Abiria wa daladala akisikia "mizinga" anajua vita vimeanza.

2. Fungu, mwamba na kisiwa ni vitu vitatu. Hapa nawashangaa hasa ninyi mliokulia pwani, ambao mnajua tangu utotoni kipi kinazama maji yakijaa na kipi kinabaki juu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unakwenda hivyo hivyo: fungu linalozama maji yakijaa halina bahari yake lenyewe, mwamba usiokalika na watu unapata maili 12, kisiwa kamili kinapata ukanda wa kiuchumi wa maili 200, yaani bahari ambayo samaki na mali zake ni haki ya nchi yenye kisiwa. Scarborough ni duara la matumbawe katika Bahari ya China Kusini, lenye mawe machache yanayochungulia maji yakijaa, takriban maili 120 za baharini kutoka Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino. China inapaita Huangyan Dao, na "dao" kwa Kichina ni kisiwa. Ukiandika "kisiwa" umeshachukua upande, na msikilizaji hajui kama umechukua.

3. Jueni nani ameamua, na ameamua nini.

Jumanne, 12 Julai 2016. Habari iliingia mnamo saa sita mchana kwa saa zetu, na taarifa yetu ya habari ilikuwa saa saba kamili. Mashirika yakawa yanamwaga vichwa vya habari mfululizo: Ufilipino yashinda, China yakataa. Nilikuwa na miaka minne kazini na sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nikaandika kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki imeamua visiwa vya Bahari ya China Kusini ni mali ya Ufilipino. Ikasomwa saa saba, ikarudiwa saa kumi, ikarudiwa saa mbili usiku.

Walioamua walikuwa jopo la wasuluhishi watano lililoundwa chini ya mkataba ule ule wa bahari. Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ililifanyia jopo kazi ya ukarani. Taasisi hiyo na Mahakama ya Haki, ambayo ndiyo ya Umoja wa Mataifa, ziko jengo moja huko The Hague, Kasri la Amani, nami nikachukulia kwamba jengo moja ni mahakama moja. Wengi duniani walikosea hivyo, mpaka Mahakama ya Haki ikaweka tangazo kwenye tovuti yake kwamba haikuhusika. Sisi tuna mtego wa ziada: tangu kesi za Kenya, The Hague kwetu ni ICC, na kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, iliyotolewa hukumu Oktoba 2021, ilikuwa kweli ya Mahakama ya Haki. Tunazitia zote kapu moja.

Kosa la jina, hata hivyo, lilikuwa jepesi. Lililoniuma ni la pili. Jopo halikumpa mtu kisiwa. Lilisema wazi kwamba haliamui umiliki wa ardhi yoyote wala halichori mpaka. Liliamua kwamba haki za kihistoria ambazo China inadai ndani ya ule mstari wa vipande tisa, ambao imeuchora kwenye ramani kuzunguka sehemu kubwa ya bahari hiyo, hazina msingi wa kisheria pale zinapovuka mkataba, na kwamba China imeingilia haki za Ufilipino katika ukanda wake wa kiuchumi.

Sasa angalieni nilichofanya. Ufilipino ilifungua kesi Januari 2013. Mawakili wake walipanga maombi 15, yote yakikwepa suala la umiliki, kwa kuwa hoja kuu ya China ilikuwa kwamba huu ni ugomvi wa nani mwenye visiwa, mkataba wa bahari hauhusiki, jopo halina mamlaka. Nchi isiyoweza kushindana kwa meli ilikaa miaka mitatu na nusu ikichagua maneno yake moja moja. Mimi, kwa kazi ya dakika arobaini, nikawatangazia watu kwamba kesi ilikuwa ya visiwa. Ni hoja ya China hiyo niliyoisema, na nilidhani naitangaza haki ya mnyonge.

Usiku ule ikaja simu. Mzee mmoja wa Tanga, baharia mstaafu. Hakugomba. Akasema, "Mwanangu, hebu nisomee pale walipoandika hivyo." Nikafungua taarifa ya jopo, simu sikioni, nikapekua ukurasa baada ya ukurasa. Alisubiri tu, namsikia anavyohema. Nikamwambia sijapaona. "Haya, mwanangu," akasema, akaaga.

Masahihisho yalisomwa kesho yake kwa sekunde ishirini, saa ambayo watu wako makazini. Wiki iliyofuata nikiwa kwa kinyozi, jamaa mmoja akawa anawaeleza wenzake kwamba Ufilipino imerudishiwa visiwa vyake, redio imesema. Ningeweza kumsahihisha. Nilinyamaza nikalipa nikatoka, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

4. Sierra Madre, ile meli kuukuu ya kivita ya Ufilipino, haikukwama. Jeshi la majini la Ufilipino liliipandisha makusudi kwenye fungu la Second Thomas, ambalo China nayo inalidai, mwaka 1999, na wanajeshi wanaishi humo. Ukiandika "imekwama" umeigeuza ajali.

5. Andikeni aliyesema, na siku aliyosema. Tarehe 17 Juni 2024, walinzi wa pwani wa China, wengine wakiwa na visu na mashoka, walizivamia boti za mpira za Ufilipino karibu na meli hiyo, na askari mmoja akapoteza kidole gumba. Siku nne baadaye afisa wa juu wa ikulu ya Manila akasema huenda ni kutoelewana au ajali. Haukupita muda, waziri wa ulinzi akasema ilikuwa makusudi. Anayeandika "Ufilipino imesema" atamwambia nini msikilizaji aliyesikia zote mbili?

6. Majirani wa China kwenye bahari hii si furushi moja. Vietnam ilipoteza watu 64 mwaka 1988 ilipopambana na China kwenye mwamba wa Johnson Kusini, na ina kumbukumbu zake. Indonesia inasema haina mgogoro wa visiwa na China, lakini mwaka 2017 maji yake ya kaskazini mwa visiwa vya Natuna, ambayo mstari ule wa China unayagusa, iliyapa jina jipya, Bahari ya Natuna Kaskazini. Na Ufilipino yenyewe ina watu zaidi ya milioni 110, kwa hiyo ukiiita nchi ndogo, sema ni ndogo kwa kipi.

Ile hati ya juzi nimeirudisha kwa mwenyewe, nimezungushia kalamu pale panne, na juu yake nimebandika taarifa ya jopo kwa vyombo vya habari, yote. Naisubiri kabla ya saa kumi.