Kujikagua matiti: ngoja hedhi ipite kwanza

Mdogo wangu wa Moshi, pole na hofu. Umesema uligusa kitu kama punje ya njegere karibu na kwapa ulipokuwa unaoga, siku mbili kabla ya hedhi, na tangu hapo kila saa unaminya. Acha kuminya. Kabla ya hedhi matiti ya wengi wetu hujaa, huuma na kuwa na mabonge-mabonge, utajitisha bure. Rudia siku chache baada ya damu kukata.

Simama mbele ya kioo, mikono kiunoni, halafu juu. Tazama kama ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, au chuchu imeingia ndani ghafla.

Kisha lala chali, mkono wa kulia chini ya kichwa. Titi la kulia lipapase kwa mkono wa kushoto, kwa nyama za vidole vitatu vya kati, si kucha. Zungusha viduara vidogo: kwa wepesi, kisha zaidi kidogo, kisha kandamiza mpaka usikie mbavu. Panda hadi kwenye mtulinga, ingia kwapani kabisa (wengi wanaliruka kwapa). Ukimaliza, hamia la kushoto. Mafuta kidogo yanasaidia vidole kuteleza, hasa mwezi wa saba baridi ya huku ikikukunja.

Punje ikiwa bado ipo, au chuchu ikitoa damu, nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi wiki hiyohiyo. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, ila vidole haviwezi kutofautisha. Hiyo ni kazi ya ultrasaundi na kipimo cha sindano. Na usipitie kwanza kwa muuza mizizi sokoni, tafadhali.