Anasoma ukurasa mzima, ukimwonyesha neno moja halijui

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mwanangu yuko darasa la pili. Ukurasa wa kitabu chake anausoma wote bila kukwama, lakini nikimwonyesha neno lile lile kwenye gazeti ninalofungia dagaa, halijui. Jirani ananishauri nimkaririshe kwa kadi, maneno kumi kila siku. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba mama. Kadi ziache kwanza. Huyo hasomi, anaimba. Amewasikia wenzake darasani mpaka ukurasa umemkaa kichwani, na picha inamkumbusha pa kuanzia. Ukitaka kuhakikisha, funika picha, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari. Akirudi mwanzo wa mstari ili alifikie, ndiyo hiyo.

Kiingereza kina maneno ambayo hata wenyewe huyakariri, maana maandishi na matamshi hayaelewani. Chetu kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto mwenye silabi zake hulisoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Ukimpa kumi ya kukariri, la kumi na moja litamshinda.

Kata boksi vipande vinne, uandike sa, ma, ki, ka. Mwambie akutengenezee "samaki". Kisha vivuruge: kama, kisa, kima, saka. Hapo hakuna wimbo wa kumwokoa, lazima aangalie. Na aseme "sa" kwa mkupuo; asianze na "se, a, sa", majina ya herufi yatampoteza.

Mkipanda daladala, msomeshe vibao. Igoma ni nyepesi: i-go-ma. Buhongwa nayo ina silabi tatu, ila ya mwisho, ngwa, imebeba herufi nne, na wengi hukwama hapo wakasema "n-gwa". Mwonyeshe kwamba ngwa ni pumzi moja.

Silabi zikishakaa, kuna kazi ambayo wazazi wengi huiruka, nami naiona ndiyo kubwa. Maneno yetu hurefuka kwa kuunganishwa: anavua, wanavua, tulivua, watavua. Mtoto anayesoma wa-na-vu-a, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Andika "vua" kwenye kipande kimoja, na vingine viwe ana, wana, tuli, wata. Avisogeze mbele ya "vua" kimoja kimoja, asome kila mara. Kesho badilisha, weka "pika" au "cheza". Baada ya siku kadhaa "wana" ataiona kama kitu kimoja, hataihesabu tena silabi kwa silabi, na hapo utasikia usomaji unabadilika. Kumwambia "soma haraka" hakusaidii. Mpe sentensi tatu mpya, azirudie siku tatu au nne huku kidole kikifuata kila neno, dakika kumi tu, kabla hajachoka. Kile kitabu alichokiimba kikae pembeni.

Akisoma "lafiki" penye "rafiki", usimkatize. Neno amelitambua, hilo ni la ulimi, na wengi wetu kanda hii tunalo. La kusahihisha ni pale anaposema "samaki" palipoandikwa "sangara", kwa kuwa ameona sa, ameona na picha, akamalizia mwenyewe. Hapo usimtajie neno. Funika sa kwa kidole gumba, umuulize inayofuata inasemaje.