Maji moto au baridi? Kinyozi ajibu maswali ya wanyoa ndevu

*Fundi, ni kweli maji moto hufungua vitundu vya ngozi na ya baridi huvifunga?*

Vitundu vya ngozi havina msuli wa kuvifungua wala kuvifunga, kwa hiyo hapana. Kinachobadilika ni udevu wenyewe. Umejengwa kwa keratini, protini ile ile ya kucha, na ukiwa mkavu ni mgumu kweli. Ukishiba maji huvimba na kulegea, wembe ukapita bila kuuvuta. Maji moto huingia upesi, ya baridi nayo huingia ila kwa kujivuta.

Wengi wetu kosa letu liko kwenye haraka. Mtu anajirushia maji mara mbili, anapaka sabuni, anaanza kukwangua. Huyo ananyoa ndevu kavu, hata kama maji yake yalikuwa yanatoa mvuke. Osha uso kwa sabuni kwanza ili mafuta yatoke, kisha uache umelowa dakika mbili tatu. Wateja wangu huwaambia waoge kwanza, wanyoe baadaye, na wanaonisikiliza huwa sina kazi kubwa nao.

*Shikamoo fundi. Tangu nianze kuota ndevu nanyoa kwa maji moto, na uso huniwaka mpaka jioni.*

Marahaba, mwanangu. Moto kiasi gani? Kama mkono wenyewe hautulii ndani ya hayo maji, usiyapeleke usoni, maana ngozi ya huko ni nyembamba kuliko ya kiganja. Maji makali huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuitanua mishipa midogo ya damu, kisha wembe unakuja kukwangua juu yake. Tumia vuguvugu kulainisha na baridi kusuuza. Baridi huibana mishipa ile, na kuwaka kunapungua. Ukiona bado, nenda na baridi mwanzo mwisho, ila muda wa kulowesha uongeze. Na kama ukimaliza kunyoa unapaka dawa yenye spiriti, iweke kando kwanza.

*Rafiki yangu anasema baridi husimamisha ndevu, kwa hiyo hukatika vizuri.*

Ana chembe ya ukweli. Kwenye shina la unywele kuna kamsuli kadogo, na baridi ikikupiga kanavuta, ndiko kule kusisimka mwili. Lakini udevu uliosimama si udevu uliolainika. Isitoshe, kusisimka huleta vijinundu, na wembe haupendi vijinundu. Dada mmoja ameniuliza mbona akinyoa miguu kwa maji baridi hujikatakata. Jibu lako ni hilo, dada: miguuni vijinundu hutokeza wazi kuliko usoni.

*Sabuni yangu ya kipande haitoi povu kwa maji baridi.*

Zungusha brashi zaidi, ukiongeza maji matone kwa matone. Ukiona utando mweupe badala ya povu, baridi umeisingizia: maji yako ni magumu, yana madini ya kalisi na magnesi. Jaribu maji ya mvua uone tofauti.

*Vipele vya ndevu vimenimaliza. Nibadili maji?*

Badili unavyonyoa. Ndevu za kipilipili hujikunja, na zikikatwa chini mno, ncha inarudi kuichoma ngozi au inakua ndani kwa ndani. Mwili huipokea ncha hiyo kama mwiba, ndipo kipele kinapotokea. Mashine zenye nyembe tatu au tano huzidisha, kwa sababu wembe wa kwanza huuinua udevu na wa nyuma huukata chini ya usawa wa ngozi. Chukua wembe mmoja, fuata zinakoelekea ndevu, usiivute ngozi, usirudie mahali pamoja mara nne kutafuta ulaini wa kitoto. Vuguvugu husaidia, lakini peke yake haitakuponya. Vikiwa vimewaka sasa hivi, pumzisha uso majuma machache; vikitoa usaha, nenda kwa daktari.

*Wembe ukichovywa kwenye maji moto huwa mkali zaidi?*

Hauwi. Maji huondoa povu na vinywele, basi. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science walichokiona kwa hadubini: unywele, ulio laini kuliko chuma cha wembe karibu mara 50, unaweza kumegua makali yake. Unywele unapopinda na kukutana na sehemu dhaifu ya wembe, kipande kidogo hubanduka. Hiyo ni sababu nyingine ya kulainisha ndevu. Ukimaliza, kung'uta maji, wembe ukauke.

*Nimejikata sasa hivi, maji gani?*

Baridi, na ukandamize kwa kitambaa safi. Damu ikizidi kuchuruzika, lowesha kipande cha shabu, lile jiwe la kuzuia damu, ukiguse nacho kidonda. Kitawasha kidogo, vumilia.